Haragi Moja Ndani ya Mlango wa Pikapu

Mwalimu wenu wa umeme amekuja kwangu mara tatu. Mnamjua: yule dada anayegeuza kichwa kidogo mkimuuliza swali, na ambaye hapendi uzembe. Mara ya kwanza nilimwambia mkono wangu umezoea bisibisi, kalamu siiwezi. Mara ya pili nikasingizia macho. Mara ya tatu alileta daftari na kalamu mbili, akaketi, akasema: "Papa Deo, andika na makosa yako. Batoto banazani fundi anazaliwa fundi." Basi ninaandika. Mkifika mahali pa kucheka, chekeni. Mimi nimeshachekwa sana na bado ninakula vizuri.

Kazi yangu ilikuwa redio za magari. Kuzitengeneza, na zaidi kuzifanya zitoe sauti nzuri kuliko zilivyotoka kiwandani. Nilifanya kazi hiyo Walikale, halafu Masisi, karibu miaka yote ya vita. Watu wa mbali huniuliza nani alikuwa na hamu ya muziki wakati ule. Huwajibu kwamba hawajawahi kukaa siku tatu kwenye tope na lori lililozama hadi mhimili. Mtu aliyekwama hivyo atakugawia muhogo wake wa mwisho, lakini redio yake usiiguse.

Tuanze na jambo ambalo vijana hukosea. Mteja anakuja na gari lake, anaonyesha redio ya kiwandani, anasema: "Papa, toa hii takataka." Usiitoe. Mara nyingi haina kosa. Kosa lipo kwenye bafle, hizo spika za karatasi zilizofungwa mlangoni, nyepesi kama ganda la kitunguu. Na mlango wenyewe ni bati lenye matundu: sauti ya nyuma ya bafle inazunguka kupitia matundu hayo na kuila sauti ya mbele. Ziba matundu kwanza. Sisi tulikata mpira wa ndani wa tairi vipande vipande, tukaubandika kwa gundi ya viraka, na juu yake tukaweka kipande cha shitingi, yale maturubai ya kambi, ili mvua isifike kwenye karatasi. Ukiugonga mlango ukasikia bati likilia kama debe, kazi bado. Nimeona magari yakibadilika sauti kwa hilo tu, bila kununuliwa kitu kipya hata kimoja.

Hayo nilifundishwa na Papa Mulonda wa Walikale. Kabla ya redio alikuwa mtegaji wa wanyama msituni, kama baba yake. Kila asubuhi, kabla ya kugusa chombo, alimwaga maji kidogo kizingitini kwa ajili ya wazee wake, kisha akapiga ishara ya msalaba, ili pande zote mbili ziridhike. Alikuwa mchoyo wa risasi ya kulehemu, na akikukuta umeipoteza hata tone moja alikugonga kichwani kwa mpini wa bisibisi. Lakini masikio yake! Redio mbovu ikiletwa, haifungui. Anaiwasha, anaiacha ilie hivyo hivyo huku yeye anamenya ndizi na kupika. Nusu siku. Wateja walikasirika. Yeye alisema: "Ugonjwa inasema. Wacha imalize kwanza." Nilidhani ni uvivu wa mzee. Leo ninawaambia: sikilizeni kosa mpaka mlijue kama wimbo, kwa sababu ukishalitengeneza hutalisikia tena.

Ilikuwa miaka ambayo mgodi wa Bisie ulikuwa umewaka kwa biashara. Watu walitoka msituni na mawe ya kasiterite, yale yanayotoa bati, mgongoni, ndege ndogo zilitua barabarani kuyachukua, na magari yaliondoka njiani kuzipisha. Mfanyabiashara mmoja wa mawe hayo alileta gari lake nimfungie bafle mbili mpya. Mwalimu wangu alikuwa amesafiri, nami nikaona hii ndiyo siku yangu. Nilifunga vizuri, nikapanguza vumbi, nikawasha. Kubwa zilikuwa bafle, sauti haikuwepo. Bwana yule akanitazama. "Nilikuomba muziki, umenipa mubu!" Mbu kweli: besi yote ilikuwa imetoweka.

Papa Mulonda aliporudi hakufungua hata skrubu. Alisikiliza kidogo akaanza kucheka mpaka akakohoa. "Moja inasukuma, ingine inavuta," alisema. "Mulango itafunguka je?" Nilikuwa nimegeuza waya za bafle moja. Tangu siku hiyo nilitembea na jiwe la tochi, yaani betri yake, mfukoni. Gusisha waya mbili za bafle kwenye jiwe kwa nukta moja: karatasi ikiruka kuja kwako, waya ulio kwenye kichwa cha jiwe ndio chanya, utie alama. Fanya hivyo kwa kila bafle, hata kama kiwanda kimeweka rangi kwenye waya, maana huenda fundi mwingine alikutangulia, na fundi huyo huenda nilikuwa mimi.

Kosa jingine lilinipata Masisi, na daktari wa ng'ombe. Nilimwekea ampli, kile kikuza sauti, chini ya kiti. Siku ya pili akarudi: "Deo, gari yangu inalia sawa na ndama. Nikikanyaga mafuta, ndama analia zaidi." Nilikuwa nimelaza waya mnene wa bateri pamoja na waya mwembamba wa sauti, bega kwa bega, kwa kuona uvivu wa kufungua zulia la upande wa pili. Umeme wa injini ulikuwa ukiingia kwenye muziki. Waya wa bateri upitishe kushoto, wa sauti kulia. Fyuzi iwe karibu na bateri kabisa. Waya wa bodi, ule wa hasi, uwe mfupi, na pale unapoufunga kwaruza rangi mpaka bati ling'ae. Mtu akikuambia hayo ni mapambo, mpe hongera na usipande gari lake.

Sasa nifike kwa Papa Kambale, maana ndiyo sababu nilimkwepa mwalimu wenu mara mbili.

Papa Kambale alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, Mkatoliki wa kweli wa Jumapili na wa siku za kazi. Alikuwa na duka Masisi centre na pikapu moja aliyoiendesha mwenyewe: Masisi, Sake, Goma, na kurudi. Alikwenda na maharagi, akarudi na sabuni, chumvi na vitenge. Mke wake, Mama Masika, aliishi na mabinti wao wawili karibu na Lushebere, ambako walikuwa na shamba. Masika alikuwa mkubwa. Katungu alikuwa na miaka mitatu.

Pikapu hiyo ilikuwa na redio yake ya kiwandani na kasete moja tu, ya kwaya ya parokia yao ya Butembo. Bafle ya mlango wa kushoto ilikuwa imechanika. Kila sauti nzito za wanaume zilipoingia, ilikohoa: kho-ro-ro, kho-ro-ro. Barabara nzima iliijua. Kwenye kizuizi cha Mubambiro, askari alifungua njia kabla hajaliona gari. Mwanamke wa sokoni alisema, "Papa Kambale njo huyu anakuja, bei ya chumvi itashuka." Na si yeye tu. Miaka ile watu wa milimani walijua kila gari kwa sauti yake, kama mnavyojua leo mlio wa simu zenu. Gari usilolijua likisikika, uliacha jembe na kuingia kwenye mahindi. Ulilolijua, ulibaki ukilima.

Papa Kambale akaja kwangu. "Deo, bashoferi bananicheka. Banasema redio yangu iko na kifua kikuu. Nataka muziki ya nguvu." Alikuwa ameleta kutoka Goma ampli mpya, bafle mbili za mlango na sanduku kubwa la besi. Macho yangu yaling'aa. Fundi akipewa vyombo vizuri huwa haulizi maswali.

Nilifanya kazi siku mbili. Niliziba milango kwa mpira na shitingi. Nikapima kwa jiwe la tochi. Nikapitisha waya kushoto na kulia kama mtu aliyeokoka. Nilipoitoa bafle ya kushoto niliona mpasuko wa urefu wa kidole gumba, na nyuma ya karatasi kulikuwa na haragi moja jekundu, limeanguka kupitia ufa wa kioo siku moja ya kupakia, likakwama hapo. Nikalirusha nje, kuku akalichukua. Bafle nikaivunja nitumie sumaku yake kushikia skrubu. Ile ya kulia ilikuwa nzima, nikaitupa kwenye sanduku langu la takataka. Nilipowasha, kwaya ya Butembo iliimba kama imesimama mezani kwangu, na besi ilitetemesha mabati ya jirani. Nilijisikia mkubwa sana siku ile, siwafichi. Papa Kambale alinikumbatia.

Wiki iliyofuata, akiwa Goma kununua bidhaa, mapigano yalifika upande wa Lushebere. Nani alipigana na nani, mtasoma kwa wengine; mimi nilisikia milio tu. Aliporudi baada ya siku mbili alikuta nyumba wazi, sufuria jikoni, na hakuna mtu. Majirani waliobaki walionyesha mlima juu ya barabara, ule wenye migomba na miti nyuma yake. Mke wake na watoto walikuwa huko, pamoja na watu wengine wengi, bila paa, na mvua ya Masisi mnaijua.

Papa Kambale hakuogopa sana mwanzoni, kwa sababu yeye na mkewe walikuwa na mapatano. Tangu vita vilipoanza alimwambia: ukikimbia, usiteremke kwa kuitwa na mtu yeyote, maana benye bunduki pia banajua majina. Teremka tu ukisikia gari yetu. Kupanda mwenyewe alijaribu, akarudishwa na vijana wenye silaha waliomuuliza anapeleleza nini. Basi alipita na gari polepole, vioo chini, kasete ya kwaya ikiimba, kutoka Lushebere hadi kijito na kurudi. Mara tatu. Hakuna aliyeteremka. Siku ya pili akaongeza sauti. Akapita mara nne. Akaongeza tena mpaka mwisho. Hakuna hata mtoto mmoja.

Siku ya tatu asubuhi alikuja kwenye karakana yangu, akakaa kwenye tairi, akalia. Mtu mzima, mbele ya watu. "Bamekufa, Deo," alisema. "Kama bangekuwa bazima bangesikia. Nimefungua muziki yote."

 Wakati huo mama mmoja aliyekuwa ameteremka kutafuta chumvi alisimama mlangoni. Tulimuuliza kama amemwona Mama Masika huko juu. Hakumjua. Tukamuuliza kwa nini watu hawateremki, mbona kumetulia.

"Kutulia wapi?" alisema. "Kuko gari ya batu ya bunduki, inapita inarudi tangu siku mbili. Inapiga ngoma: du, du, du. Ikipita, siye tunapanda juu zaidi. Jana ilizidisha, tukaingia mu pori kabisa, tukaacha hata majani tuliyotandika."

Papa Kambale aliinuka kwenye tairi. Halafu akasema taratibu, "Ile gari njo yangu."

Hapo ndipo mnapaswa kujifunza jambo ambalo nilikuwa nikilijua na sikulifikiria. Besi hupanda mlima. Maneno hayapandi, yanachoka njiani, yanabaki kwenye majani. Ndani ya gari lile ulisikia kwaya na kila mwimbaji wake. Kule juu walisikia ngoma tupu, na miaka ile waliokuwa na ngoma za namna hiyo kwenye magari walikuwa wale waliozitoa kwa bunduki kwenye magari ya wengine. Kila Papa Kambale alipoongeza sauti ili mkewe amsikie, alimfukuza mbali zaidi. Na chombo cha kumfukuzia nilikifunga mimi, vizuri sana. Niliona aibu.

Nilitoa sanduku la besi. Nikatoa ampli. Nikarudisha waya za redio moja kwa moja kama kiwanda kilivyoziacha. Lakini bafle ya kushoto nilikuwa nimeivunja. Nikaipekua takataka yangu nikapata ile ya kulia, nzima, nikaifunga kwenye mlango wa kushoto. Tukawasha. Kwaya iliimba safi, ndogo, bila kikohozi.

"Haiko yenyewe," alisema Papa Kambale.

Nikachukua wembe nikaipasua karatasi, urefu wa kidole gumba, mahali pale pale. Sijawahi kufanya hivyo kabla wala baada: kuharibu chombo kizima kwa makusudi, mbele ya mwenye nacho, naye anasema endelea. Tukawasha. Ilitoa mkwaruzo mwembamba, kama mtu anayechana kitambaa.

"Hapana. Ile ilikuwa inakohoa. Iyi inalia tu."

Nilirefusha mpasuko kidogo. Nikaulowesha kwa mate. Kikohozi kikawa kibaya zaidi, lakini si kile. Nilifumba macho kama nilivyofundishwa, nikajaribu kuusikia ugonjwa wa zamani, na sikuweza, kwa sababu siku ile gari lilipokuja sikuuacha umalize kusema. Niliufungua mara moja, kwa tamaa ya vyombo vipya. Nilimkumbuka Papa Mulonda na ndizi zake. Kho-ro-ro. Mpasuko hauwezi kusema "ro-ro". Kitu lazima kigonge.

"Haragi," nilisema.

Papa Kambale alidhani nimechanganyikiwa. Alikimbia hata hivyo hadi kwenye gari, akachokonoa nyufa za sanduku la nyuma, akarudi na konzi ya maharagi, mekundu, meupe, ya madoadoa. Tulijaribu kubwa, likaziba. Tukajaribu jeupe dogo, likaruka likatoka. La nne, jekundu, nililisukuma kwa ncha ya bisibisi nyuma ya karatasi mpaka likakaa. Tukarudisha kasete mwanzo. Sauti nzito za wanaume zikaingia, na mlango ukakohoa: kho-ro-ro. Papa Kambale alishika kichwa kwa mikono miwili. "Njo hii! Njo hii! Twende!"

Tulikwenda pamoja, mimi nilishika mlango kwa goti haragi lisihame. Mara ya kwanza hatukuona mtu. Mara ya pili tuliona shina la mgomba likitikisika, kisha likatulia. Mara ya tatu, karibu na shamba la viazi vitamu, mwanamke alikuwa amesimama pembeni mwa barabara, kitenge kimejaa tope, mtoto mmoja mkononi na mwingine mgongoni. Papa Kambale alisahau kuvuta breki ya mkono, niliivuta mimi.

Mama Masika hakulia. Alisema tu, "Nilisikia kikohozi, nikajua ni weye." Kisha akamgeuza mtoto wa mgongoni tumwone. Katungu alikuwa anaungua na homa, na sikio lake la kushoto lilikuwa linatoa usaha. Mvua ya kwanza alikuwa na mafua tu, mama yake alisema. Sikio lilianza kuuma siku ngoma ilipoanza kupita, likatoa usaha kule porini walikoingia baada ya ngoma kuzidi.

Hospitali ilimtibu, na mtoto akapona. Sikio halikurudi kusikia. Muuguzi alisema siku mbili hizo bila dawa ndizo zilizoliharibu, akaandika kwenye karatasi na kwenda kwa mgonjwa mwingine. Siku mbili hizo nilizijua zilikotoka.

Papa Kambale hakunilaumu, hata mara moja. Alisema besi aliiomba yeye. Aliendesha na lile haragi mpaka pikapu ilipokufa, na bashoferi wakaacha kumcheka. Amekwisha kutangulia, Mungu amlaze pema. Mimi niliendelea na kazi, nilifunga ampli nyingi na masanduku mengi ya besi, sikuapa kuacha. Ila tangu pale kila mteja nilimuuliza swali moja kabla ya kufungua mlango wa gari lake: nje ya gari, nani anakusikiliza? Wengi walicheka. Wengine walifikiri sana kabla ya kunijibu. Muulizeni na ninyi.

Katungu, wewe ndiye utakayesoma daftari hili kwanza, kabla ya wanafunzi wako. Kila unapokuja kunisalimu hunitania, unaniuliza kwa nini mzee mzima anahamisha kiti chake ili akae upande wako wa kulia. Baba yako hakukuambia, nami sikuwahi kuwa na moyo. Sasa unajua. Kiti kiko pale pale. Ukija, nitakaa upande utakaonionyesha.